Nilivyompumzisha Mke Wangu Dawa

Mimi ni fundi wa magari, na hilo ndilo lililomponza mke wangu. Angeolewa na mwalimu, au na muuza vitenge, au hata na mlevi asiyejua lolote, labda leo angekuwa hai. Mlevi angemwambia fanya alivyosema daktari, akaenda zake kunywa. Mimi nilikuwa najua. Na hakuna balaa kama mtu anayejua kitu kimoja vizuri, kwa sababu hudhani kimemfundisha na vingine vyote.

Tulikuwa tunakaa Buyenzi, kwenye mitaa ile ya magaraji na misikiti, miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka na vita vikiendelea kwenye vilima juu ya mji wetu. Tulikuwa na binti wawili wadogo. Mama wa mke wangu alikuwa anakaa nasi pia. Alikimbia kutoka mtaa wa Mutakura na godoro moja na sufuria mbili, na nyumba yake ikachomwa siku hiyo hiyo. Kwetu mama mkwe huitwa mabukwe, na mabukwe si mtu wa kuchezewa. Mkwe hali naye sahani moja, hamtazami machoni anapoongea naye, hasemi neno la aibu mbele yake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa tunapishana siku nzima kama magari mawili kwenye daraja moja. Nilisema ni heshima. Siku hizi nadhani nusu yake ilikuwa woga.

Ugonjwa ulianzia kwenye macho. Asubuhi mke wangu aliamka kope zimevimba, nami nikamtania kwamba amelia ndotoni kwa ajili ya mchumba wake wa zamani. Baada ya wiki miguu nayo ilivimba. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Mkojo wake ulikuwa na povu. Nikaacha utani, nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo, sauti ya mtu aliyechoka kuzidi wagonjwa wake. Alituambia figo zinavuja, kwamba kilicho kizuri mwilini kinatoka na mkojo na maji yanabaki. Akampa vidonge vyeupe vidogo vya cortisone, kumi na viwili kila asubuhi baada ya kula, kwa miezi mingi. Chakula kisiwe na chumvi. Halafu akanigeukia mimi.

"Fundi, sikiliza vizuri. Asiache hata siku moja. Hii dawa tutaishusha sisi wenyewe, polepole, ngazi kwa ngazi. Mutu akiiacha kwa mara moja, mwili inaanguka."

"Nimesikia, docta."

Na nilisikia kweli. Sina haki ya kusema sikuambiwa.

Tuliporudi nyumbani, mabukwe alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama machoni.

"Huyu mutoto ndiye nilibakia naye. Wengine unajua walipoenda. Hiyo dawa isikatike. Niapie."

Nikaapa, wallahi, macho yangu yakiwa chini kwenye sandali zake.

Na dawa ilifanya kazi. Sijui niseme nini zaidi. Katika wiki ya tatu mke wangu aliniita uani akanionyesha vifundo vya miguu yake, mifupa yote miwili inaonekana, akacheka kama aliyepata ng'ombe. Alikuwa na nidhamu na vidonge vile. Alivihesabu kila asubuhi kwenye kifuniko cha mkebe, akala uji wake usio na chumvi huku akikunja uso, akavimeza kimoja kimoja. Alimpenda yule daktari. Alisema, "Mutu mwenye kuongea polepole hivyo hawezi kudanganya."

Baada ya miezi miwili uso wake ulianza kuwa mviringo. Mashavu yakajaa, shingo ikanenepa nyuma, ndevu laini zikaota juu ya mdomo. Daktari alikuwa ametuonya, alisema ni dawa na itaondoka dawa ikishuka. Lakini mtaani ilikuwa sherehe. Kumbuka miaka ile: watu wamekonda, na mtu aliyekonda walikuwa wanamnong'ona kwamba ana ule ugonjwa. Sasa huyu ananenepa wakati wa vikwazo! Wanawake walimsimamisha kisimani. Wawili walikuja mpaka nyumbani kuomba vidonge kidogo, mmoja kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anawekwa ndani kabla ya harusi, anenepeshwe.

"Hii ni dawa, si mandazi," mke wangu aliwaambia, akafunika mkebe.

Mimi sikuusumbukia uso. Kilichonitisha ni nguvu. Mke wangu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifua shuka mbili anakaa kupumzika, sasa aliosha kuta. Alilala kidogo sana. Alikula kama mjenzi. Alikuwa anaimba, kisha anagomba, kisha anaimba tena, na mikono haitulii. Mabukwe alimshukuru Mungu wake wa Kikatoliki kwamba binti amepona. Mimi nilikuwa namtazama kwa hofu, kwa sababu nilikuwa nimeiona nguvu ya namna hiyo garajini, na nilijua inaishia wapi.

Lazima nieleze. Mafuta yalikuwa haba na machafu. Watu walichanganya petroli na mafuta ya taa, na gari likawa linakohoa, haliwezi kupanda mlima. Basi madereva wakagundua naftalini, zile punje nyeupe za kufukuza nondo kwenye nguo. Unatia kadhaa kwenye tangi. Gari linaamka! Linapanda mlima wa Kiriri kama mbuzi, dereva anapiga honi kwa raha. Wiki mbili, tatu. Halafu analileta kwangu likivutwa kwa kamba, ninafungua injini, nakuta pistoni imetoboka. Nilifungua injini nyingi hivyo. Wenye magari niliwaambia kitu kimoja: ukiona gari lina nguvu isiyo yake, zima, pumzisha, toa hayo mafuta, anza upya. Wale walionisikia waliokoa injini zao. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na ndiyo niliyoipeleka nyumbani.

Jioni moja nilimkuta anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

"Mama watoto, hii dawa inakupa nguvu isiyo yako."

"Ni ya nani basi, fundi?"

"Ni kama naftalini. Inakuamusha leo, inakuchoma kesho."

Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Sasa mi ni Toyota?"

"Nasema kweli. Mwili ni kama moteri. Lazima ipumuzike. Wiki mbili tu, kisha utaanza tena."

"Docta alisema nisiache hata siku moja."

"Docta hajaona pistoni yenye kutoboka."

"Na we hujaona figo," alisema.

Jibu hilo lilikuwa sahihi, ndiyo maana lilinikasirisha. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kwa siku tatu hatukuongea vizuri. Nilikuwa na hasira ya kweli na hofu ya kweli, na vyote viwili vilikuwa vinasema kitu kimoja, kwa hiyo nilijiona nina haki mara mbili. Siku ya nne, mabukwe akiwa sokoni, mke wangu alikuja na mkebe akauweka mkononi mwangu.

"Haya. We ndiyo fundi. Lakini mama asijue, atakufa na roho juu."

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini alikubali. Hakuamini habari ya naftalini, najua hakuiamini. Lakini alikuwa amezoea kuona vitu vinapona mikononi mwangu: redio, cherehani, mlango, gari la kila mtu. Watu walikuwa wanatoka Musaga, upande mwingine wa mji, wanapita vizuizi vyote vile vya barabarani, ili mimi niguse magari yao. Labda alidhani mikono hiyo haiwezi kukosea nyumbani tu. Au alichoka kugombana. Mkebe niliupeleka garajini, nikauficha nyuma ya maboksi ya buji, zile plagi za injini.

Kila asubuhi alikuwa anakula uji, anaingia chumbani, anakaa kidogo, anatoka akijifuta mdomo. Mabukwe anauliza, "Umemeza?" Anajibu, "Nimemeza, mama." Mimi nipo mlangoni nafunga viatu.

Siku ya tatu alitulia. Hakuimba. Alilala mchana. Nilifurahi! Nilijisifu garajini kwamba nimemrudisha mke wangu kwenye mwendo wake. Siku ya tano alisema viungo vyote vinamuuma na chakula hakitaki. Nikamwambia ni uchafu unatoka. Hayo nayo niliyatoa kwenye injini: ukiisafisha, mwanzoni inatetemeka. Siku ya nane uchovu ulikuwa hautazamiki. Alikuwa anakaa kwenye kigoda uani, ufagio mkononi, hafagii. Binti mdogo alimletea maji, akasahau kuyanywa.

Siku ya kumi ikaja homa, malaria, kama ilivyokuwa inakuja Buyenzi kwa kila mtu wakati wa mvua. Akatapika. Akajaribu kusimama, akaanguka kando ya kitanda, nikamwinua. Mwili wake ulikuwa baridi na una jasho. Mabukwe alikuwa jikoni.

"Fundi," mke wangu alisema pole pole, "nirudishie mukebe yangu."

"Ngoja homa iishe kwanza. Mutu hachanganyi dawa na malaria."

Nani aliniambia mtu hachanganyi? Hakuna. Nilisema tu. Garaji ilikuwa mwendo wa kuvuta sigara moja kutoka nyumbani, na mkebe ulikuwa pale nyuma ya maboksi. Nililijua hilo nilipokuwa nasema. Kuuleta mkebe ilikuwa ni kukubali, na mimi sikuwa tayari kukubali mbele ya mtu aliyeniambia sijaona figo.

Asubuhi yake hakuweza kuinuka kabisa. Tulimpakia kwenye gari la mteja, lisilo na kioo cha mbele, mabukwe nyuma amempakata kichwa, binti zetu tukawaacha kwa jirani. Kizuizini askari alichungulia ndani, akatupisha bila kuuliza kitu.

Daktari alikuwa yule yule, na alimkumbuka. Alimpima presha mara mbili, kama asiyeamini alichokiona. Akanyanyua kichwa akanitazama mimi. Mabukwe alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ameshika beseni.

"Bado anameza cortisone? Uniambie kweli, fundi. Kama aliiacha, kuna sindano lazima nimupige sasa hivi. Kama anameza, basi ni malaria kali, tunamuwekea kinini."

Yaani aliniwekea kila kitu mezani. Hakuna mtu aliyewahi kuulizwa swali lililo wazi namna ile. Nilifungua mdomo, nikaona uso wa mabukwe. Hakuwa ananituhumu hata kidogo. Alikuwa ananingoja nijibu, kwa imani, kwa sababu niliapa.

"Anameza," nikasema. "Kila siku."

Daktari akamwinamia mke wangu. "Mama, ni kweli? Unameza?"

Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nameza, docta," alisema. "Kila siku."

Daktari akaandika. Dripu ya kinini ikafungwa. Nilimfuata kwenye korido, nilikimbia kabisa, nikamwita, akageuka.

"Nini, fundi?"

"Hiyo kinini itaisha saa ngapi?"

"Kama saa kumi."

"Asante, docta."

Nikarudi. Nilijiambia malaria ni malaria, kinini itaimaliza, na homa ikishuka nitarudisha vidonge kimya kimya na hakuna atakayejua. Saa sita mabukwe alitoka kuosha beseni. Mke wangu akafungua macho.

"Mama asijue," alisema.

Sikujua kama anamaanisha asijue milele, au asijue sasa hivi tu na niende nimwambie daktari pembeni. Leo naamini alimaanisha la pili. Siku ile nilichagua la kwanza, kwa sababu lilikuwa rahisi kwangu. Nilitoka mlangoni nikamwona daktari mwisho wa korido, wanamwingizia majeruhi, mikono yake ina damu. Nikasema nisimsumbue. Uongo mtupu. Nilifurahi kwamba ana kazi.

Alikufa kabla ya saa kumi. Chupa ya dripu ilikuwa bado na maji. Hakupiga kelele, hakutapatapa, presha ilishuka tu ikaendelea kushuka, na wauguzi walipokuja mbio hapakuwa na kitu cha kushika.

Tulimzika kesho yake. Kwenye matanga mzee mmoja wa mtaa, kwa nia njema, alisema sikio la kufa halisikii dawa. Mabukwe alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, na sauti yake ilifika mpaka kwetu wanaume nje.

"Apana, muzee. Mwanangu alisikia dawa kupita sisi wote. Alimeza kila siku. Mukwe wangu alikuwa anamusimamia, mbele ya macho yangu. Hiyo dawa ndiyo imemumaliza."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Waliuona ule uso wa mviringo, nani angebisha? Kabla ya arobaini habari ilikuwa imeenea Buyenzi nzima: vidonge vyeupe vinamjaza mtu maji usoni, kisha vinamzima. Wale wale waliokuwa wanaviomba ili wanenepe sasa walikuwa wanaviogopa kama sumu. Nilisikia mtu mmoja kavitupa vya mama yake chooni. Nilisikia nikiwa chini ya gari, nikaendelea kufungua nati.

Mabukwe alibaki nasi, akawalea binti zangu. Alinipenda. Sitaki mtu adhani alikuwa mwepesi wa kupenda, la, alikuwa mwanamke mkali. Lakini aliniwekea nyama kwenye sahani yangu kwanza, na akiwasimulia wageni alisema mkwe kama huyu hazaliwi tena. Nililala na maneno hayo miaka miwili. Mara nyingi nilipanga kumwambia. Nilipanga Ijumaa baada ya sala, nilipanga Idi, nilipanga siku aliyokuwa ananisuta kwa jambo dogo na nikadhani hasira itanisaidia.

Halafu kifua chake kikaanza. Pumu, ya moshi wa makaa na uzee. Hospitali, daktari mwingine alimwandikia mfuko wa vidonge. Aliufungua nyumbani, akavimimina kiganjani, akavitambua. Hakumwambia mtu kitu. Jioni aliniita sebuleni. Nilikaa mbali, kama inavyopasa. Alikuja akakaa karibu, na kwa mara ya pili tangu nimjue akanitazama machoni. Pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi.

"We ulikuwa unamupa kila siku," alisema. "Hakuna mwingine wa kuuliza. Nimeze?"

"Meza, mama."

"Iliua binti yangu."

"Si dawa ilimuua."

"Ni nini basi?"

Nje binti zangu walikuwa wanasukana nywele. Niliwasikia wakibishana juu ya kitana.

"Ni malaria, mama."

"Malaria tunaugua sisi wote," alisema, na akangoja. Aligundua kuna kitu, naapa aligundua kuna kitu. Alingoja muda mrefu kuliko mtu mwenye pumzi fupi anavyoweza kungoja. Nilitazama sandali zake.

Mwisho akanigusa goti, jambo ambalo mabukwe halifanyi. "Unataka kunipa moyo tu. Nimeelewa. Uko mutu mwema." Akarudisha vidonge kwenye mfuko, akaufunga fundo, akanipa nikavitupe.

Pumu ilimchukua katika wiki ya tatu baada ya jioni ile, binti zangu wawili wakimshika mgongo akae wima apate hewa. Tulimfikisha hospitali akiwa bado anapumua, kwa shida. Daktari wa zamu aliniuliza kama alikuwa anameza dawa aliyoandikiwa.

"Apana, docta," nikasema. "Alikataa."

Ilikuwa mara ya kwanza namjibu daktari ukweli.